Kupanga Furaha: Matembezi na Michezo ya Maskauti Wadogo kutoka Brownsea hadi Nyeri

Utangulizi

Historia ya uskauti imeandikwa zaidi kwa kuuliza chama hiki kilikuwa cha nani na kilitumikia nini. John Springhall (1977) na Michael Rosenthal (1986) walikiona kuwa chombo cha kuwaandaa vijana wa Uingereza kwa mahitaji ya dola. Allen Warren alipinga mtazamo huo kwa kusisitiza malezi ya uraia. Timothy Parsons (2004) aliupeleka mjadala katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, akaonesha kwamba chama kilichotarajiwa kuwatuliza vijana wa Kiafrika kiliwapa pia lugha ya kudai usawa, kwa kuwa sheria ya skauti ilimtangaza kila skauti kuwa ndugu wa mwenzake. Mijadala hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, yote humtazama skauti kutoka juu, mahali walipoketi makamishna na magavana. Mtoto wa miaka minane hakujiunga kwa ajili ya dola wala uraia; alijiunga kwa sababu aliambiwa kwamba Jumamosi wataenda porini.

Makala haya yanaishughulikia Jumamosi hiyo. Hoja yake ni kwamba matembezi na michezo ya maskauti wadogo haikuwa ile ya wakubwa iliyopunguzwa. Ilikuwa kazi nyingine ya upangaji, yenye vipimo vyake vya muda, umbali na hadithi. Anayeitazama kazi hiyo kwa karibu atawaona pia waasisi wengine, mbali na jenerali aliyezoeleka katika picha.

Brownsea, 1907

Kambi ya majaribio iliyofanyika mwanzoni mwa Agosti 1907 katika Kisiwa cha Brownsea, Bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza, inasimuliwa mara nyingi kama kisa cha kuzaliwa kwa uskauti. Ni nadra kusomwa kama ratiba, ilhali ratiba ndiyo jambo jipya lililokuwamo. Robert Baden-Powell, jenerali aliyepata umaarufu katika vita vya Afrika Kusini, alikusanya wavulana takribani 20. Nusu yao walitoka katika shule za watu wenye uwezo. Waliobaki walikuwa watoto wa familia za wafanyakazi, wanachama wa Boys' Brigade kutoka Bournemouth na Poole. Ada nayo ilipangwa kwa kuzingatia tofauti hiyo: pauni 1 kwa wale wa kwanza, na shilingi 3 na peni 6 kwa wale wa pili. Kwa kuwa pauni ilikuwa na shilingi 20, mzazi mwenye uwezo alilipa karibu mara sita ya mzazi asiye nacho. Uamuzi huu haupewi nafasi kubwa katika vitabu, lakini bila huo hoja ya kuwachanganya watoto wa matabaka mawili ingebaki maneno matupu. Mpango wa matembezi huanzia kwenye bei.

Wavulana waligawanywa katika vikosi vinne vya watoto watano watano: Mbwamwitu, Fahali, Sululu na Kunguru. Asubuhi waliamshwa kwa baragumu la pembe ya tandala ambalo Baden-Powell alilipata katika vita dhidi ya Wandebele mwaka 1896, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Kila siku ilikuwa na mada yake: maisha ya kambini, kuchunguza, maarifa ya porini, kuokoa maisha, na kadhalika. Jioni, kando ya moto, mada ya kesho yake ilitangulizwa kwa kisa. Asubuhi ilifuata kazi ya mikono, na alasiri jambo lilelile likawa shindano. Mtoto hakuhubiriwa kuhusu kuchunguza. Alisikia kisa cha mtu aliyeokoka kwa sababu alitambua unyayo, akalala akikifikiria, kisha akaamka na kutafuta nyayo mwenyewe.

Michezo yenyewe inastahili kuelezwa, kwa kuwa katika maandiko mengi ya kitaaluma hutajwa kwa neno moja tu, “michezo”. Katika mmoja, mvulana alijifanya kulungu akiwa amebeba mipira ya tenisi. Wenzake walimnyatia wakiwa na mipira yao, naye akiwaona aliwarushia. Aliyepigwa alihesabiwa kuwa amejeruhiwa na mnyama. Katika mwingine, vikosi viwili vilitoka bandarini kwa mashua kuwinda nyangumi, ambaye kwa hakika alikuwa gogo. Kila mashua ilikuwa na mtu wake wa chusa mbele, na baada ya kumchoma “nyangumi” kila upande ulijitahidi kumvuta kwake. Usiku, kikosi kimoja kwa zamu kilipewa unga, nyama, viazi na chai, kikaenda kulala peke yake mbali na kambi, kikijipikia na kuweka walinzi. Jenerali mwenyewe alijaribu kuwanyemelea gizani.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, hakuna mchezo hata mmoja uliohitaji kifaa cha gharama; gogo, mipira na giza vilitosha. Pili, kila mchezo ulikuwa na hatari kidogo iliyopimwa. Mtoto alijua kwamba angeweza kushindwa, kulowa au kuogopa, na mtu mzima alijua kwamba haingezidi hapo. Baada ya chakula cha mchana palikuwa na saa ya kupumzika, nayo ilisimamiwa kwa ukali. Kiongozi yeyote aliyewahi kuwapeleka watoto nje kwa siku nzima ataelewa kwa nini saa hiyo haikuwa hiari.

Miongoni mwa waliokuwapo alikuwa mpwa wa Baden-Powell, mwenye miaka tisa. Hakuwekwa katika kikosi chochote. Alipewa kazi ya msaidizi wa mjomba wake. Kwa maneno mengine, katika kambi ya kwanza kabisa palikuwa na mtoto mdogo mmoja, na ratiba iliyosifiwa haikuwa na nafasi yake.

Wadogo waliofuata nyuma

Kitabu cha Scouting for Boys kilipotoka kwa mafungu kuanzia Januari 1908, vikosi viliibuka kila mtaa kwa kasi ambayo hapakuwa na ofisi ya kuidhibiti. Nyuma ya kila kikosi walifuata wadogo. Kaka wa miaka 13 alipotoka na fimbo na kofia yake, mdogo wake wa miaka minane alitaka kutoka naye. Baadhi ya viongozi waliwafukuza. Wengine waliwapokea, kisha wakagundua kwamba mtoto huyo anachoka kabla ya nusu ya njia, anasahau maelezo marefu, analia usiku, na kwa sababu hiyo kikosi kizima kinatembea kwa mwendo wake. Wengine tena waliunda vikundi vya wadogo pembeni, kila mmoja kwa namna yake.

Katika miaka hiyohiyo ilidhihirika kwamba hatari iliyopimwa inaweza kupimwa vibaya, au kuzidiwa na hali ya hewa. Tarehe 4 Agosti 1912, mashua iliyowabeba maskauti wa Walworth, mtaa wa wafanyakazi kusini mwa London, ilipinduliwa na upepo wa ghafla karibu na Leysdown, katika Kisiwa cha Sheppey, walipokuwa wakienda kupiga kambi. Wavulana tisa walikufa: maskauti wanane, na mmoja wa meli ya mafunzo Arethusa. Winston Churchill, ambaye wakati huo aliongoza Wizara ya Jeshi la Majini, alitoa manowari kuirudisha miili London, na maskauti hao wakazikwa katika makaburi ya Nunhead mbele ya umati mkubwa. Waliofariki walikuwa na umri wa kati ya miaka 11 na 14. Walikuwa watoto wa mtaa ambao kambi kando ya bahari ilikuwa kwao jambo la kusubiriwa mwaka mzima.

Kudai kwamba ajali hiyo ndiyo iliyozaa mpango wa wadogo ni kuruka mbali kuliko ushahidi unavyoruhusu. Kinachoweza kusemwa ni kwamba baada ya Leysdown, kiongozi aliyekusudia kumwongeza mtoto wa miaka minane katika safari ya wakubwa alikuwa na sababu ya kufikiri mara mbili. Mchezo wa nyangumi wa mwaka 1907 na safari ya mashua ya mwaka 1912 vilitokana na fikra moja. Tofauti ilikuwa umbali kutoka ufukweni. Bandari ya Poole ni maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Mdomo wa Mto Thames uko wazi kwa bahari. Katika upangaji wa matembezi ya watoto, jiografia si mandhari tu.

Mwaka 1914 gazeti la makao makuu lilichapisha kanuni za mpango wa majaribio wa maskauti wadogo, walioitwa Watoto wa Mbwamwitu. Upande wa wasichana nao ulifanya vivyo hivyo mwaka huohuo, kwa jina la Rosebuds, jina ambalo wasichana wenyewe hawakulipenda. Muda si mrefu likabadilishwa kuwa Brownies. Kisa hicho kidogo kinaonesha kwamba watoto waliopangiwa hawakunyamaza.

Msitu wa Mowgli na mikono ya wanawake

Mpango wa 1914 ulikuwa na umbo, bado haukuwa na roho. Roho ilikuja mwaka 1916, na ilitoka katika hadithi. Kwa ridhaa ya Rudyard Kipling, Baden-Powell alichukua ulimwengu wa The Jungle Book (1894) na kuujengea shughuli zote za wadogo. Kiongozi akawa Akela. Watoto wakawa kundi la mbwamwitu, wakigawanyika katika vikundi vya sita sita. Kitabu chao, The Wolf Cub's Handbook, kilichotoka Desemba 1916, hakikuwa na sura bali “matonge”, kama kwamba maarifa ni windo linaloliwa kidogo kidogo. Ndani yake mlikuwa na ngoma za wanyama: mtoto alitembea kwa uzito kama Baloo, akanyata kama Bagheera, akajipinda katika mstari mrefu pamoja na wenzake kuwa mwili wa chatu Kaa.

Ngoma hizo ndizo zinazobainisha tofauti kati ya mipango miwili. Katika Brownsea, mchezo wa kulungu ulifundisha kunyata ili kijana ajue kunyata. Katika kundi la wadogo, ngoma ya Bagheera inafundisha kunyata pia, ila mtoto hajui kwamba anafundishwa. Yeye ni chui. Aidha, ngoma inahitaji dakika chache na uwanja wa ukubwa wa sebule pana. Inaweza kuchezwa ndani mvua ikinyesha, jambo ambalo kwa nchi yenye mawingu kama Uingereza si dogo. Kipimo cha umbali kilipofupishwa, hadithi iliingia kujaza nafasi iliyobaki. Uwanja wa kanisa ukawa msitu.

Majaribio ya nyota ya kwanza nayo yaliteremshwa hadi kimo cha mtoto: kupinduka kichwa chini miguu juu, kurukana migongoni, kusoma saa, kujua kwa nini kucha na meno husafishwa. Mtafiti aliyezoea kusoma uskauti kama maandalizi ya vita atapata taabu kuiona bunduki katika mswaki. Bendera na wimbo wa taifa vilikuwamo, na haifai kuvifumbia macho. Lakini vilikaa bega kwa bega na kuruka kwa mguu mmoja.

Hapa ndipo waasisi wanapobadilika. Mwaka 1916 wanaume wengi waliokuwa na umri wa kuongoza vikosi walikuwa vitani Ufaransa na kwingineko. Makundi ya wadogo yaliongozwa kwa kiasi kikubwa na wanawake, na katika makao makuu kazi hiyo ilikabidhiwa Vera Barclay, ambaye tayari alikuwa ameongoza kundi kijijini. Alishiriki kukiandaa kitabu cha 1916, na miaka iliyofuata aliandika vyake mwenyewe juu ya malezi ya maskauti wadogo. Katika Stories of the Saints by Candle-Light (1922) wamo watoto walio kambini kando ya bahari, na masimulizi ya watakatifu wanayosikia usiku kwa mwanga wa mshumaa. Mpangilio ni uleule wa Brownsea, hadithi usiku na vitendo mchana, ila baragumu limeondoka na mshumaa umeingia. Si haki kuuita mpango wa wadogo kazi ya Baden-Powell peke yake. Jina lake liko juu ya jalada, lakini ujuzi wa kumlaza mtoto wa miaka minane anayeikumbuka nyumba yao haukutoka jeshini.

Mabadiliko ya baadaye katika Uingereza yanaweza kupitiwa haraka. Ripoti ya mwaka 1966 iliondoa jina la Mbwamwitu na kuwaita wadogo Cub Scouts. Mwaka 1986 waliongezwa watoto wa miaka sita, na mwaka 2021 wa miaka minne. Kila umri uliposhuka, umbali ulifupishwa tena.

Sungura

Uskauti ulifika Kenya mwaka 1910 kupitia walowezi na maofisa, na katika kipindi kirefu cha ukoloni vikosi vilitengwa kwa rangi kama zilivyotengwa shule. Kwa mtoto wa Kiafrika uskauti ulikuwa jambo la shuleni. Tofauti hii ina athari katika upangaji. Kundi la mtaani London lilikuwa na Jumamosi yake. Kundi la shuleni lina kalenda ya shule, ruhusa ya mwalimu mkuu, na mwalimu mmoja anayefanya kazi hiyo juu ya kazi nyingine. Tena kalenda yenyewe haikulingana na mbingu. Likizo ya Aprili huangukia katika mvua za masika na ya Desemba hugusa mvua za vuli. Agosti pekee ndiyo hutoa ardhi kavu, nayo ni miongoni mwa miezi ya baridi kali katika nyanda za juu. Mpango uliobuniwa kwa ajili ya kiangazi cha Dorset haukuweza kuhamishwa kwenda Kiambu bila kubadilishwa.

Jambo la ajabu zaidi lilikuwa hadithi. Mtoto wa Nyeri, anayeweza kuuona msitu wa Mlima Kenya kutoka mlangoni kwao, angepewa kwa njia ya London msitu wa India, ajifanye mnyama ambaye hajawahi kumsikia akilia, ilhali fisi alikuwa akilia bondeni. Na haikuwa kwamba alikosa hadithi. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa na desturi ya kusimulia ngano jioni kando ya moto, na kuwakataza watoto kusimuliana mchana, wakati wa kazi. Mbinu iliyosifiwa Brownsea kuwa mpya, yaani kuipanda mada usiku kwa kisa ili ivunwe mchana kwa vitendo, isingemshangaza bibi yeyote wa nchi hii.

Leo katika Chama cha Maskauti cha Kenya watoto wa miaka 6 hadi 10 huitwa Sungura. Juu yao wako Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Jina hilo halipaswi kuchukuliwa kuwa tafsiri tu. Mbwamwitu mdogo wa 1916 alijifunza kwanza kabisa kumtii mbwamwitu mzee, na msitu wake ulikuwa na sheria iliyotoka juu. Sungura wa ngano za Afrika Mashariki hamtii mtu. Ni mdogo kuliko wote, na humshinda Fisi, Tembo hata Simba kwa akili, mara nyingine kwa hila isiyoweza kusifiwa mbele ya wazazi. Kumpa mtoto jina la Sungura ni kumwambia kwamba udogo wake ni nyenzo. Kuna mvutano wa kweli hapo na chama chenye ahadi, sheria na safu za kukaguliwa, na si lazima mvutano huo uishe.

Kwa upangaji wa shughuli, badiliko hilo lina maana ya moja kwa moja. Michezo inayolingana na Sungura ni ya werevu zaidi kuliko ya gwaride: kutafuta njia kwa alama za mawe na vijiti, kukumbuka vitu vilivyofunikwa kwa kitambaa baada ya kuvitazama kwa muda mfupi, kumpita “Simba” aliyefumba macho bila kusikika, kubuni namna ya kuvuka mto wa chaki uliochorwa uwanjani kwa kutumia mbao mbili zisizotosha. Yote haya yanawezekana nyuma ya darasa, bila nauli. Kwa wa Nairobi, Kambi ya Rowallan, iliyopewa jina la Lord Rowallan aliyekuwa Skauti Mkuu kuanzia 1945 hadi 1959, iko ndani ya Msitu wa Ngong Road, mwendo mfupi tu kutoka Kibera. Mtoto wa huko anaweza kwenda msituni na kurudi kabla ya jua kuzama.

Hilo linaleta swali la Nyeri. Baden-Powell aliishi huko tangu mwaka 1938 katika nyumba ndogo ya Paxtu, kwenye viwanja vya Hoteli ya Outspan iliyojengwa na Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake. Alifariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa mjini humo. Juu ya kaburi imechongwa alama ya mduara wenye nukta katikati, ileile ambayo maskauti huiweka mwisho wa njia katika mchezo wa kufuata nyayo, kumjulisha anayefuata kwamba aliyetangulia amekwisha kwenda nyumbani. Mtoto aliyeucheza mchezo huo anaweza kuisoma bila kuelezwa. Kwa sababu hiyo kaburi limekuwa mahali pa hija ya maskauti, hasa wakati wa Februari, mwezi wa kuzaliwa kwa mwasisi, na viongozi wengi huona fahari kuwapeleka hata walio wadogo kabisa.

Kutoka Nairobi hadi Nyeri ni takribani kilomita 150. Kwa kijana wa Mwamba hiyo ni safari njema, yenye historia ya kujadiliwa njiani, pamoja na maswali magumu juu ya mtu aliyepata baragumu lake katika vita dhidi ya Waafrika. Kwa Sungura wa miaka sita ni saa nyingi za kukaa garini, kichefuchefu, chakula kilichopoa, na dakika chache za kusimama kimya mbele ya jiwe. Vipimo vya muda na umbali vilivyopatikana kwa taabu kati ya 1907 na 1916 vinapuuzwa, na aghalabu kinachopuuzwa nacho ni mfuko wa mzazi. Nauli ya safari hiyo moja inaweza kulipia Jumamosi kadhaa za msitu wa karibu, na alama ya mduara wenye nukta inachorwa vilevile kwa kijiti juu ya vumbi la uwanja wa shule.